Satelaiti za Kuonyesha Mahali Zinaelekea Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wateja wanaokuja kupimiwa viwanja, madereva, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na hata maimamu huniuliza maswali yanayofanana kuhusu GPS na mustakabali wake. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu, kwa kirefu pale panapostahili. Msimamo wangu niuseme mapema: mawimbi yanashuka kutoka angani bure, lakini usahihi unatengenezwa ardhini. Faida kubwa ya miaka ijayo itakwenda kwa wale waliojenga vituo na kusomesha watu, si kwa wale wanaosubiri toleo jipya la simu.

GPS ni nini hasa, na hizo nyingine ninazozisikia ni zipi?

GPS ni mfumo mmoja tu, wa Marekani. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Warusi wana GLONASS, Umoja wa Ulaya una Galileo, na Wachina wana BeiDou, ambao kizazi chake cha tatu kilikamilika mwaka 2020. Hiyo minne inahudumia dunia nzima. India ina NavIC na Japani ina QZSS kwa ajili ya maeneo yao. Jina la ukoo mzima ni GNSS, ila wengi tumezoea kusema GPS na watu wanaelewana.

Simu nyingi za miaka ya karibuni hupokea mifumo yote minne kwa pamoja. Simama uwanjani Dodoma, mahali pasipo na miti wala majengo, kipokezi kizuri kitaona satelaiti zaidi ya thelathini kwa mpigo. Wapimaji waliotutangulia kazini walilazimika kupanga siku yao kufuata saa ambazo satelaiti nne au tano zingekuwa juu ya upeo.

Je, satelaiti inaniona? Kuna mtu Marekani anayejua nilipo?

Hapana. Satelaiti inatangaza tu, haisikilizi. Kila moja inatuma saa yake na mahali ilipo, na simu yako ndiyo inayopiga hesabu. Ni ile hesabu ya radi: ukiona umeme ukahesabu sekunde hadi ngurumo ifike, unajua mvua iko umbali gani. Simu inafanya vivyo hivyo kwa wimbi la redio, ambalo husafiri takriban sentimita 30 katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Saa ikikosea mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo maana kila satelaiti imebeba saa za atomiki, na ndiyo maana simu inahitaji satelaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kurekebisha saa ya simu yenyewe, ambayo ni ya bei rahisi.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifundisha darasa linatulia. Satelaiti za GPS ziko karibu kilomita 20,200 juu, ambako mvutano wa dunia ni mdogo. Kwa sababu hiyo saa zao hutangulia zetu kwa mikrosekunde 45 hivi kila siku. Mwendo wao wa kasi huwarudisha nyuma 7. Inabaki 38. Einstein alieleza chanzo chake kabla ya kuwepo kwa satelaiti yoyote, na bila kuirekebisha tofauti hiyo, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku.

Anayejua ulipo ni programu uliyoipa ruhusa, ambayo inachukua jibu la simu na kulituma kwa intaneti. Hofu yako ielekeze huko.

Mbona inafanya kazi hata nikiwa sina bando?

Kwa sababu mawimbi ya satelaiti hayapiti kwenye minara ya simu. Unachokosa bila bando ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua kabla ya safari. Tofauti nyingine ni kwamba simu itachelewa kujitambua. Satelaiti hutuma taarifa zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na sehemu inayohitajika huchukua nusu dakika kupokelewa. Ukiwa na intaneti, simu huchota taarifa hizohizo mtandaoni mara moja. Ukiwa porini, simama mahali peupe, subiri kidogo.

Nikiwa Kariakoo au katikati ya Nairobi, kile kinukta cha buluu kinahamia mtaa wa pili. Kwa nini?

Majengo. Wimbi linagonga ukuta au kioo, linadunda, ndipo linafika kwenye simu. Limetembea njia ndefu, hivyo simu inadhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo.

Dawa yake imeshaanza kuingia mifukoni mwetu. Masafa mapya ya redio yanayoitwa L5 yanabeba msimbo unaokwenda kwa kasi mara kumi kuliko ule wa zamani, na hilo linakipa kipokezi uwezo wa kutenganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililodunda. Simu ya kwanza kupokea masafa mawili ilikuwa Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018. Sasa zipo nyingi, hata za bei ya kati. Ukienda dukani, tafuta maandishi L1+L5 (L1 ni yale masafa ya zamani) kwenye maelezo yake. Kwa dereva wa bodaboda anayeishi kwa programu ya kuitisha usafiri, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumkuta abiria na kuzunguka mtaa mzima akimpigia simu.

Nasikia sisi wa karibu na ikweta tuna shida ya pekee. Ni kweli?

Ni kweli, na inaniuma kwamba haielezwi vya kutosha kwa Kiswahili.

Kuanzia kilomita 60 hivi juu yetu hadi karibu 1,000 kuna tabaka la hewa ambalo jua limelipasua chembe zake zikabeba umeme. Wataalamu wanaliita ayonosfia. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo hucheleweshwa. Ulaya tabaka hilo limetulia kiasi. Kwetu ni zito zaidi na linabadilika haraka, kwa sababu ikweta ya sumaku ya dunia inapita jirani, nchini Ethiopia. Jua likishazama, mapovu makubwa yenye chembe chache huinuka ndani ya tabaka hilo, na mawimbi yakikatiza humo nguvu yake inapanda na kushuka ovyo. Kipokezi kinapoteza satelaiti moja, kisha nyingine. Hali huwa mbaya zaidi kwenye majira ya Machi na Septemba, kati ya saa mbili na saa sita usiku, hasa miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, kama 2024 na 2025.

Kifaa cha masafa mamoja hutumia kanuni ya kukisia inayoondoa karibu nusu ya kosa la ayonosfia. Kifaa cha masafa mawili huondoa karibu ucheleweshaji wote, kwa kuwa kila masafa hucheleweshwa tofauti na tofauti hiyo inapimika. Lakini ule mtikisiko wa jioni hauondoki kwa hesabu hiyo. Dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliwafanya wakulima wa Marekani wasimamishe upandaji kwa sababu matrekta yao yanayojiendesha yalipoteza mstari. Kwao ni tukio la mara moja katika miaka mingi. Kwetu ni jioni nyingi za msimu.

Kwa hiyo kifaa kilichofaulu majaribio Ujerumani hakijathibitishwa kwa Mwanza. Anayenunua droni za kunyunyizia dawa au mitambo ya barabara inayoongozwa na satelaiti amuulize muuzaji swali hilo, na asikubali kujibiwa kwa kipeperushi. Tunahitaji pia vituo vingi vya kupima tabaka hili kutoka hapa kwetu. Vipo vichache vilivyomo kwenye mtandao wa kimataifa, vikiwemo vya Malindi, Mbarara na Kigali. Havitoshi kwa eneo kubwa kama hili.

Usahihi wa sentimita utafika lini kwenye simu ya kawaida?

Leo simu yako, mahali peupe, inakosea mita tatu hadi tano. Wapimaji tunapata sentimita kwa njia inayoitwa RTK: kipokezi kimoja kinakaa mahali panapojulikana, kinapima makosa ya wakati huo, kinayatuma kwa kipokezi cha pili kilicho mkononi. Inahitaji kituo kiwe karibu, kilomita kumi au ishirini.

Njia ya pili haihitaji kituo jirani. Unapokea masahihisho ya mizingo (njia zake angani) na saa za satelaiti zenyewe, halafu kipokezi kinajirekebisha taratibu. Galileo ilianza kutoa huduma ya namna hiyo bure Januari 2023, ikilenga usahihi wa sentimita 20 hivi, na masahihisho yanashuka kutoka satelaitini na pia kwa intaneti. Tafakari maana yake: mkulima wa Mbeya au mhandisi wa maji Bujumbura, bila kulipia usajili wowote, akiwa na kipokezi kinachofaa, anapata kitu kilichokuwa cha makampuni makubwa.

Kinachoizuia simu ni antena. Ni ndogo, imebanwa na betri, inapokea wimbi lililodunda sawasawa na lililonyooka. Naamini simu zitashuka chini ya mita moja mahali peupe katika miaka michache. Sentimita zitabaki kazi ya kifaa chenye antena yake.

Basi naweza kupima mpaka wa kiwanja changu kwa simu?

Usifanye hivyo. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, kosa la mita nne ni ukuta uliojengwa kwa jirani na safari za kwenda baraza la ardhi kwa miaka.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomi. Ramani na hati nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia mfumo uitwao WGS 84. Umbo la dunia linalotumika kwenye mifumo hiyo miwili halifanani na kitovu chake hakiko mahali pamoja. Namba zilezile, zikisomwa kwenye mfumo huu na ule, zinaangukia sehemu mbili zilizoachana kama mita 300. Mtu anachukua koodineti, yaani namba za mahali, kutoka kwenye hati ya baba yake, anaziingiza kwenye simu, anajikuta katikati ya shamba la watu, anarudi nyumbani na tuhuma kwamba mpima aliuza ardhi yao. Hakuna aliyeuza. Muulize mpima wako koodineti zako ziko kwenye mfumo upi, na uandike jibu lake pembeni ya hati.

Pamoja na hayo, simu ina nafasi yake vijijini. Iringa, kuanzia mwaka 2014, mradi wa MAST uliwafundisha vijana wa vijiji kutembea mpaka wa shamba pamoja na wenye shamba na majirani, huku wakirekodi kwenye simu, na taarifa hizo zikatumika kutoa hati za hakimiliki za kimila. Pale kinachobeba uzito ni majirani kukubaliana wakiwa wamesimama mpakani; kifaa kinaandika walichokubaliana. Naupenda mpango wa namna hiyo. Vifaa vya bei nafuu vya masafa mawili, vikiunganishwa na simu hizohizo, vitaufanya uwe bora zaidi.

Niko ufukweni Dar es Salaam na kifaa kinasema niko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Kimeharibika?

Kiko sawa. Satelaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo laini la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari. Usawa wa bahari una mabonde na vilima vyake kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali, na pwani yetu iko ndani ya bonde mojawapo. Programu nyingi hurekebisha kimyakimya. Vifaa vingine havirekebishi.

Mlima Kilimanjaro unaonyesha jambo hilohilo. Kimo kinachofahamika, mita 5,895, ni cha upimaji wa mwaka 1952. Upimaji wa GPS wa 1999 ulipata 5,892, na wa 2008 ukapata karibu 5,891. Mlima haukuporomoka mita nne. Kilichobadilika ni vifaa na namna ya kuukadiria usawa wa bahari chini ya mlima.

Kuvuruga na kughushi mawimbi ni nini, na inatuhusu?

Inatuhusu sana. Wimbi la satelaiti likifika ardhini limeshachoka kabisa: gawanya wati moja kwa milioni, kisha kinachopatikana kigawanye tena kwa bilioni kumi, ndiyo nguvu inayobaki. Mtambo mdogo unaopiga kelele kwenye masafa hayo unaweza kuliziba eneo zima. Huko ndiko kuvuruga. Kughushi ni kubaya zaidi, kwa sababu mtambo unatuma mawimbi yanayofanana na ya kweli na kipokezi kinaamini kiko mahali pengine bila kutoa onyo.

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika hadharani kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa na kughushiwa katika Kivu Kaskazini, na kwamba jambo hilo linahatarisha ndege, zikiwemo zinazopeleka misaada. Hapo ni Goma, jirani yetu, na marubani wenyewe wengine ni ndugu zetu. Mwaka huohuo shirika la ndege la Finland lilisitisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima kwa sababu hiyohiyo. Mei 2025 meli kubwa ya makontena ilipanda mwamba karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakashuku kughushiwa kwa mawimbi. Juni ya mwaka huo, wakati wa vita vya Israeli na Iran, mamia ya meli karibu na mlango wa Hormuz zilivurugiwa mawimbi, nyingine zikionekana kwenye skrini kana kwamba ziko nchi kavu. Bidhaa zinazoshuka Mombasa na Dar hupita kwenye bahari hizo, na mabaharia wetu wapo ndani ya meli hizo.

Ulinzi unakuja kwa njia kadhaa. Galileo ilizindua rasmi Julai 2025 huduma ya kuweka sahihi ya siri kwenye ujumbe wa satelaiti, ili kipokezi kiweze kukagua kwamba ujumbe umetoka kwa mwenyewe. Antena za kisasa zinaweza kutambua wimbi linatoka upande gani, na wimbi la satelaiti linalotokea usawa wa barabara ni la kutiliwa shaka. Kwa nahodha wa boti ya uvuvi ushauri wangu ni wa zamani: awe na dira, ajue alama za nchi kavu, na akiona skrini inabishana na macho yake, aamini macho.

Vifaa vidogo vya kuvuruga vinauzwa kwa siri kwa madereva wanaotaka kukwepa kufuatiliwa. Kifaa hicho hakichagui. Kinaziba pia simu ya ambulensi inayopita jirani, na kikiwashwa karibu na uwanja wa ndege kinamgusa rubani anayetua.

Satelaiti za mzingo wa chini zitabadilisha nini?

Hapa ndipo naona mabadiliko makubwa kuliko yote ya muongo huu. Badala ya kukaa kilomita 20,000 juu, kundi jipya linakaa chini ya kilomita 1,500. Kwa ukaribu huo wimbi linafika likiwa na nguvu mara nyingi zaidi, si rahisi kulizima, na linaweza kupenya majengo kiasi. Kwa kuwa satelaiti hizo zinapita angani kwa kasi, kipokezi kinaona pembe tofauti upesi, na ile hesabu ya usahihi wa juu iliyohitaji dakika nyingi inaweza kukamilika kwa muda mfupi.

Kampuni ya Xona ya Marekani ilirusha satelaiti yake ya Pulsar-0 Juni 2025. Shirika la Anga la Ulaya lina mpango wake uitwao Celeste, na Wachina wamekwisha kurusha nyingi. Yafaa kukumbuka kwamba mfumo wa kwanza kabisa, Transit wa jeshi la majini la Marekani, ulioanza kutumika 1964, nao ulikaa chini, kilomita kama 1,100.

Tahadhari yangu ni moja. Mifumo minne mikubwa ni ya serikali na mawimbi yake ya kiraia ni bure. Baadhi ya hii mipya ni ya biashara. Nchi zetu zikijenga huduma muhimu juu ya wimbi la kulipia, zisome mkataba vizuri.

Mifumo yote ikizimika leo, nini kitasimama?

Wengi hufikiria ramani. Mimi nafikiria saa. Minara ya simu, gridi za umeme na mifumo ya benki huchukua wakati wake kutoka kwa satelaiti hizi. Tarehe 26 Januari 2016 kosa la mikrosekunde 13 tu liliingia kwenye baadhi ya satelaiti za GPS, na mitambo ya mawasiliano katika nchi kadhaa ikapiga kengele za hatari kwa masaa. Julai 2019 Galileo ilikosekana kwa karibu wiki nzima, na watumiaji wengi hawakugundua kwa kuwa simu zao zilihamia kwenye mifumo mingine.

Akiba zinazotafutwa ni minara ya redio ya ardhini yenye nguvu kubwa, saa bora ndani ya minara ya simu, na vifaa vinavyopima mwendo bila kutegemea wimbi lolote la nje. Uingereza ilijaribu kifaa cha aina hiyo ya mwisho, kinachotumia atomi zilizopozwa, ndani ya ndege mwaka 2024. Kwetu hatua ya kwanza si ghali: mamlaka za mawasiliano ziwatake wenye mitandao na mabenki waeleze saa zao zitadumu muda gani wimbi likikatika.

Kwenye usafiri, kuna faida gani hasa kwa abiria?

Nchini Tanzania LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa kufuatilia magari uitwao VTS, na basi likizidi kilomita 80 kwa saa linaonekana. Abiria waliozoea kumwambia dereva "punguza mwendo, baba" wana shahidi wa pili. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia makontena yanayokwenda nje ya mipaka kwa mfumo wa pamoja, hivyo lori halihitaji tena msafara wa askari. Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka Muhanga zikiongozwa na satelaiti, na kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua dakika hizo ndizo uhai wenyewe.

Lakini rekodi ya mahali ulipo ni habari nyeti. Inaonyesha unalala wapi, unasali wapi, unatibiwa wapi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Mwajiri anayekuwekea kifuatiliaji kwenye pikipiki ana wajibu wa kukueleza anakusanya nini na anaitunza kwa muda gani. Muulize. Ni haki yako.

Programu ya kibla kwenye simu ni ya kuaminika?

Sehemu ya satelaiti, ndiyo. Kosa la mita tano halibadilishi chochote kwa umbali wa kutoka hapa hadi Makka. Tatizo ni dira ya simu, ambayo hupotoshwa na nondo, spika na hata kava lenye sumaku. Wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wana bahati: tuko karibu kwenye longitudo ileile ya Makka, kwa hiyo kibla ni kaskazini, kwa tofauti ya digrii moja hivi. Programu ikikuelekeza magharibi, sogea mbali na chuma uanze upya.

Satelaiti hizi zinaweza kutuonya kuhusu volkano?

Zinasaidia. Kipokezi kikifungwa kwenye mwamba kwa miaka hutambua ardhi ikisogea milimita. Ndivyo tunavyojua Bonde la Ufa linaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kuzunguka Ol Doinyo Lengai kuna vipokezi vilivyowekwa tangu 2016 katika mradi wa TZVOLCANO, na data zake hutumwa papo hapo. Mlima ukianza kuvimba, vitaona kabla ya wachungaji wa Engare Sero.

Ni kweli GPS imefika mwezini?

Ndiyo. Chombo cha Blue Ghost kilitua mwezini tarehe 2 Machi 2025 kikiwa na kipokezi cha NASA na Shirika la Anga la Italia, na siku iliyofuata kikanasa mawimbi ya GPS na Galileo. Ni zaidi ya kilomita 360,000 kutoka hapa.

Afrika itarusha mfumo wake?

Wa dunia nzima, sioni sababu. Unahitaji satelaiti zaidi ya ishirini zinazobadilishwa daima, na minne iliyopo inatosha. Tunachohitaji ni tabaka la masahihisho lililotengenezwa kwa hali ya hewa ya juu ya kwetu. Shirika la ASECNA la Afrika Magharibi na Kati limekuwa likitangaza mawimbi ya majaribio ya aina hiyo tangu 2020 kupitia satelaiti ya Nigeria, NigComSat-1R, kwa ajili ya usafiri wa anga. Afrika Mashariki ingeweza kushiriki badala ya kuanza peke yake.

Msingi tunao. Kituo cha RCMRD, cha kikanda cha ramani na rasilimali, kimekuwepo Nairobi tangu 1975. Malindi, kutoka jukwaa la San Marco baharini, ndiko Waitaliano na Wamarekani waliporusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kinachokosekana ni vituo vya kudumu vinavyofanya kazi kila siku. Kituo kinawekwa kwa mradi wa wafadhili, sherehe inafanyika, miaka miwili baadaye betri imekufa na hakuna fungu la kuinunua. Kituo kimoja kinachotunzwa Songea kina faida kuliko kumi vilivyozimika. Na data zake zitolewe bure kwa wapimaji, wakulima na wanafunzi, kwa sababu ni kodi yao.

Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii aanzie wapi?

Hisabati na fizikia kwanza, hakuna njia ya mkato. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Makerere hufundisha fani ya upimaji na taarifa za kijiografia. Lakini usisubiri chuo. Simu za Android zimeruhusu tangu 2016 kusoma vipimo ghafi vya satelaiti, na programu ya GnssLogger inavihifadhi. Programu ya RTKLIB, iliyoandikwa na Tomoji Takasu wa Japani, inachakata vipimo hivyo bure; QGIS inachora ramani, nayo ni bure.

Ukipata dola mia mbili au tatu, peke yako au kwa kuchangishana na wenzako, nunueni kibao cha elektroniki chenye kipokezi cha masafa mawili. Kiwekeni juu ya paa la shule, kirekodi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi usiku wa manane mwezi wa Septemba, kisha mchore nguvu ya kila satelaiti kwa kila dakika. Mtaona ayonosfia ya ikweta kwa macho yenu, na vipimo hivyo vitakuwa na thamani kwa watafiti wasio na kifaa chochote katika wilaya yenu.